MALORI YANATEREMKA MATUPU



Mchana na usiku malori yanapita hapa Mtito Andei. Yakipanda kutoka Mombasa yamejaa. Yakiteremka kutoka Nairobi, mengi hayana kitu. Kando ya barabara hiyo hiyo udongo wetu mwekundu umechoka. Mvua ikinyesha, maji hupita juu na kwenda zake.

Nairobi hutupa zaidi ya tani 2,000 za taka kila siku, na zaidi ya nusu ni maganda, majani na mabaki ya vyakula. Hicho ni chakula cha shamba, nacho kinaozea Dandora. Kwa nini lori tupu lisikilete?

Sisi twasema lilete, lakini kwa mpango.

Kwanza, ije mboji, si taka mbichi. Taka mbichi ni maji, hunuka na kuchuruzika njiani. Ikiozeshwa huko huko mjini, uzito hupungua karibu nusu, na joto lake likipita nyuzi 55 kwa siku kadhaa huua vijidudu na mbegu za magugu.

Pili, taka zitengwe nyumbani na sokoni, kama inavyoamuru sheria ya taka ya mwaka 2022. Mwaka 2007 uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ulikuta madini ya risasi katika udongo wa Dandora na katika damu ya watoto. Sumu hiyo hatuitaki shambani.

Tatu, kontena tupu ni mali ya wenye meli. Kazi hii ni ya malori ya bodi, na mboji itiwe magunia ili bodi ioshwe upesi kabla ya mzigo mwingine.

Nne, nauli. Mboji ni nzito, na mkulima mmoja hawezi kuilipia kilomita 230 hivi. Wakulima waagize pamoja kwa ushirika, na kaunti za Nairobi na Makueni zichangie, maana moja yapunguziwa jaa na ya pili yapata rutuba.

Tano, na hili ndilo letu: mzigo wa kurudi usiwe kazi ya bure. Dereva na taniboi walipwe saa za kupakia na kupakua. Mpakiaji apewe glavu na viatu vya mpira.

Mvua za kutegemewa huku ni za Oktoba hadi Desemba. Wenye malori, wakulima, kaunti na wafanya kazi wakutane mapema, na makubaliano yaandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.