"Sorry" isiyo na kosa

Mtu akijikwaa kwenye ngazi za ofisi, Nairobi au Dar es Salaam, walio karibu humwambia "sorry" kabla hajasimama vizuri. Mgeni kutoka Uingereza hushangaa: kwani ninyi ndio mliomwangusha? Hapo hujitokeza mjuzi wa Kiingereza, aghalabu mwenzetu huyu huyu, na kutoa hukumu tuliyoizoea tangu shuleni. Tunatafsiri "pole" bila kufikiri, anasema. Kwa Kiingereza sanifu "sorry" husemwa na aliyekosa.

Kwamba "pole" iko nyuma ya "sorry" yetu, sibishi. Ninachobisha ni hiyo kanuni ya aliyekosa, kwa sababu wenye lugha hawaifuati.

Neno lenyewe ni la kale kuliko uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066. Wakati huo lilikuwa "sarig", likitokana na neno lenye maana ya kidonda na maumivu, na lilimhusu mtu ambaye moyo unamuuma. Kuomba radhi kulikuja baadaye, maana mkosaji anayejuta naye moyo humuuma. Lakini asili ya neno haitoshi kuamua kesi. Maneno mengi yamehama mbali na yalikozaliwa. Tuwatazame Waingereza wa leo. Wakisikia jirani amefiwa na mama yake, husema "sorry", na hakuna anayewashuku kwa kifo hicho. Wasiposikia ulichosema, hulitamka kwa sauti ya kupanda ili urudie. Hulitumia kupenya katikati ya watu, na hata kumwambia aliyewakanyaga wao. Kate Fox, mwanaanthropolojia wa huko, aliwahi kuwapamia watu makusudi barabarani ili aone watasema nini; katika kitabu chake Watching the English cha mwaka 2004 anaeleza kwamba wengi wa waliopamiwa ndio walioomba radhi.

Kwa hiyo tofauti yetu na wao ni ya kipimo. Huruma yao hulingoja jambo zito, kama msiba, maradhi au kuachishwa kazi. Sisi tumelishusha neno hilo hadi kwenye kupaliwa na chai na kuangusha kalamu. Ni haki mgeni ashangae. Kuita jambo hilo kosa la lugha ni kupita kiasi.

Watunga sheria nao wamelazimika kulitazama. Madaktari na madereva walikuwa wakiogopa kumwambia aliyeumia "sorry", wasije wakasikia neno hilo likisomwa na wakili wa upande wa pili. Sheria ya fidia ya Uingereza ya mwaka 2006 ikasema kuomba radhi, peke yake, hakuhesabiwi kuwa ni kukiri uzembe. Jimbo la Ontario, Kanada, likatunga sheria yake mwaka 2009, nayo inataja waziwazi maneno ya huruma pamoja na ya kuomba radhi.

Wanaojua zaidi uzito wa neno hili ni wanasiasa. John Howard, akiwa waziri mkuu wa Australia, alikataa kulitamka kwa Waaborijini ambao watoto wao walichukuliwa na serikali. Mwaka 1999 alilipeleka bungeni azimio la "majuto", akishikilia kwamba kizazi cha leo hakiwezi kubebeshwa hatia ya waliotangulia. Ni mjuzi wetu yule yule, ila huyu ana bunge. Katika Kiingereza cha Waaborijini wenyewe, "sorry" ni neno la matanga pia. Shughuli za msiba huitwa kwa jina hilo. Wengi wao walitaka serikali ikiri, ni kweli, lakini walitaka pia ilie nao. Kevin Rudd, waziri mkuu aliyemfuata Howard, alilitamka bungeni tarehe 13 Februari 2008, na taifa halikuvunjika.

Wakenya tumeonja upande wa pili. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alilieleza bunge la kwao kwamba serikali inajutia mateso ya wakati wa Mau Mau, na kwamba wadai 5,228 wangelipwa, gharama yote ikifikia pauni milioni 19.9. Mfalme Charles alipofika Nairobi Oktoba 2023 akanena huzuni na majuto. "Sorry" haikutoka. Atakayesema huo ndio ushahidi kwamba neno hilo maana yake ni hatia hajawasikiliza vizuri. Wanalikwepa kwa kuwa lina maana zote mbili, na anayechagua ipi ashike ni msikilizaji. "Majuto" ya kiserikali hayampi msikilizaji nafasi hiyo.

Mjuzi wetu akitaka kosa la kusahihisha, lipo, tena katika Kiswahili. Dereva anakurushia matope, au mtu anakumwagia chai sokoni, halafu anakuambia "pole" na kwenda zake, kana kwamba balaa hilo limeshuka lenyewe na yeye ni mpita njia mwenye huruma. Huyo alidaiwa "samahani", na pwani wangemdai "niwie radhi". Siku hizi hata maofisini mteja aliyepotezewa faili huambiwa "pole sana" na yule yule aliyelipoteza, na hajitokezi mjuzi yeyote kutoa hukumu.