Kimya Hakijamponya Mtu

Taja picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa 2007, uwe Mosocho au popote Gusii, na jibu utakalopewa ni moja: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wazee husema hivyo kwa upole, wanasiasa kwa haraka. Mimi nakataa. Kidonda kikifunikwa kabla ya kusafishwa, kinaozea ndani.

Watazame watu hawahawa wakiwa matangani. Kabla mwili haujafika, picha ya marehemu imeshakuzwa na kutiwa fremu. Mjukuu ataikumbatia kifuani na kutangulia mbele ya jeneza hadi kaburini, kando ya migomba. Mpiga picha ameitwa tangu asubuhi: watoto wa marehemu, wajomba, wakwe, kila kundi hujipanga kando ya jeneza ili lipigwe picha. Miaka mingi baadaye albamu ile bado inafunguliwa sebuleni, na anayelia huachwa alie. Sijasikia mtu akisema kwamba inamtonesha. Iweje msiba wa mtu mmoja udai picha, na msiba wa watu zaidi ya 1,100 waliouawa udai kimya?

Boniface Mwangi alizipiga picha za ghasia hizo akiwa na gazeti la The Standard. Zilimletea tuzo, zikamwachia pia maumivu ya moyo ambayo ameyasimulia hadharani. Angeweza kuambiwa azoee, kazi ni kazi. Mwaka 2009 alianzisha Picha Mtaani, akazitundika picha barabarani katika mji mmoja baada ya mwingine, apitaye njia asimame azitazame bila kiingilio. Watu walilia palepale, mbele ya wasiowajua. Naamini aliyezipiga naye alihitaji kuyaona machozi hayo, maana maumivu yake alikuwa ameyabeba peke yake.

Wapo wanaohofia kwamba picha ya nyumba inayoungua itamtia mtu hamu ya kulipiza kisasi. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana picha hizi hazifai kutupwa tu mbele ya watu bila wa kuzungumza nao. Lakini kijana wa Borabu, kwenye mpaka wa Wakisii na Wakipsigis, hakungoja picha ili achukie. Amekulia kwenye masimulizi ambamo upande wake pekee ndio uliochomewa. Atajuaje kwamba ng'ambo ya pili ya mpaka pia kuna mama aliyeokota sufuria majivuni?

Kaunti za Kisii, Nyamira na Bomet zizitundike picha hizo Chebilat siku ya soko, palepale mpakani. Washauri nasaha wanaojua Ekegusii na Kikipsigis wawepo kutwa nzima. Na wapiga picha wa matanga na harusi wa Mosocho, ambao ufundi wao tunaukumbuka kukiwa na jeneza au keki tu, walipwe wawapige picha walionusurika jinsi walivyo leo, kila mmoja akichagua mwenyewe asimame wapi na nani awe kando yake.