Mabadiliko Yasiyoandikwa katika Mitambo ya Mtandao

Watu wengi hudhani kwamba mtandao wa kompyuta ni nyaya na minara tu. Kwa hakika, nyaya na minara ni barabara. Lakini katika kila njia panda ya barabara hizo pana mtambo uitwao ruta, ambao huamua ujumbe upi upite, upitie wapi, na upi uzuiwe. Ruta nayo huongozwa na programu kuu, yaani mfumo endeshi wa mtandao. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao umefika Mwanza na kuunganishwa na Uganda kule Mutukula na Kenya kule Sirari, usingekuwa na manufaa yoyote bila mitambo hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa mtandao mdogo wa shule au wa hospitali kandokando ya Ziwa Victoria.

Mfumo endeshi hautengenezwi mara moja ukadumu milele. Kila baada ya muda watengenezaji hutoa toleo jipya ili kuziba nyufa za usalama na kuongeza uwezo. Mbele ya toleo jipya mafundi aghalabu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huliweka papo hapo bila kusoma waraka ulioambatana nalo. Kundi la pili hulikataa, likisema kwamba kinachofanya kazi kisiguswe. Makundi yote mawili yanakosea, na yanakosea kwa sababu moja: yanasahau kwamba toleo jipya huweza kubadili tabia ya mtambo mahali ambapo fundi hakuandika neno lolote.

Yafaa jambo hili lielezwe. Maagizo ambayo fundi humpa ruta huitwa usanidi. Hakuna fundi anayeandika kila kitu katika usanidi wake, kwa kuwa mambo ni mengi mno. Pale aliponyamaza, mtambo hufuata desturi uliyowekewa na watengenezaji, ambayo huitwa chaguo-msingi. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mtengenezaji akibadili desturi, kimya cha fundi hupata maana mpya, ingawa fundi mwenyewe hakugusa kitu.

Historia inatoa mifano. Hapo zamani ruta nyingi ziliruhusu ujumbe mmoja kutoka nje uingie na kusambazwa kwa kompyuta zote za mtandao kwa pamoja. Wahalifu waliutumia mwanya huo. Walituma ujumbe wenye anwani bandia, yaani anwani ya mtu waliyekusudia kumdhuru, na kompyuta zote zikamjibu mtu huyo kwa wakati mmoja hata mtandao wake ukazidiwa. Mwaka 1999 jopo la kimataifa linalotunga kanuni za intaneti, IETF, liliigeuza desturi hiyo kwa waraka wa RFC 2644: ruta izuie ujumbe wa namna hiyo, isipokuwa mwenye mtandao ameagiza vinginevyo. Badiliko hilo lilikuwa la busara. Hata hivyo, taasisi iliyotegemea desturi ya zamani, mathalani kwa kuwasha kompyuta zake kutoka mbali, ilipoteza uwezo huo bila kufuta mstari hata mmoja wa usanidi wake.

Mfano wa karibu zaidi ni wa RouterOS, mfumo endeshi wa kampuni ya MikroTik ya Latvia, ambayo mitambo yake hupendwa na watoa huduma wadogo wa intaneti kwa unafuu wa bei. Katika toleo la 6, orodha ya vichujio isipoitaja njia fulani ya kupitishia ujumbe, njia hiyo ilikubaliwa. Katika toleo la 7, lililotolewa kwa matumizi ya kawaida mwezi Desemba 2021, njia isiyotajwa hukataliwa. Kanuni ya RFC 8212 ya mwaka 2017 inafuata fikra iyo hiyo: mtandao usipokee wala kutangaza njia za jirani yake mpaka mwenyewe ameandika sera yake. Desturi hizi mpya ni salama kuliko za kale. Lakini kwa yule asiye na habari, matokeo yake ni mtandao uliozimika.

Tatizo huwa gumu zaidi kwa sababu badiliko lenyewe hujificha. Mitambo mingi, ikiagizwa ionyeshe usanidi wake, huonyesha tu yale yaliyo tofauti na chaguo-msingi. Kwa hiyo fundi mwangalifu anaweza kuchapa usanidi kabla na baada ya kuweka toleo jipya, akalinganisha karatasi mbili mstari kwa mstari, akaona hazitofautiani hata kidogo, na bado mtambo ukawa umebadilika tabia.

Kwa wakazi wa kanda ya ziwa jambo hili lina uzito wa pekee, na uzito huo ni umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Na kutoka Mwanza hadi Nansio, Ukerewe, msafiri huvuka maji. Kwa hiyo mitambo mingi hutunzwa kutoka mbali kwa kupitia mtandao wenyewe. Mwezi Septemba 2021 ilitoka OpenSSH 8.8, programu ambayo mafundi huitumia kuingia katika mitambo iliyo mbali. Toleo hilo liliacha, kwa chaguo-msingi, kukubali saini za RSA zinazotegemea SHA-1, njia ya hesabu ambayo watafiti walithibitisha mwaka 2017 kwamba huweza kughushiwa. Fundi aliyeko Mwanza akiweka toleo hilo katika kompyuta yake, huenda akakataliwa na swichi kuukuu iliyoko kisiwani, wala hakuna kilichoharibika upande wowote.

Hata makampuni tajiri hayakusalimika na hatari ya kujifungia nje. Tarehe 4 Oktoba 2021 agizo la matengenezo, si toleo jipya, liliukata mtandao wa ndani wa Facebook, na huduma zake pamoja na WhatsApp zikatoweka duniani kwa saa zipatazo sita. Njia za kuirekebisha mitambo kutoka mbali zilikuwa zimekatika pia, ikabidi wahandisi waifuate mahali ilipo.

Je, si afadhali basi kuacha kila kitu kama kilivyo? La, hasha. Mwezi Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kinga dhidi ya ufa mmoja wa Windows. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, kirusi cha WannaCry kilipita katika ufa huo huo kwenye kompyuta ambazo hazikuwekewa kinga, na hospitali nyingi za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Hospitali yoyote ya kanda ya ziwa inayotunza kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta haiwezi kujiruhusu uzembe wa namna hiyo.

Njia iliyo sahihi inahitaji nidhamu kuliko fedha. Kwanza, waraka wa mabadiliko usomwe wote, hasa sehemu inayotaja chaguo-msingi zilizogeuzwa. Pili, jambo lolote ambalo huduma inalitegemea liandikwe waziwazi katika usanidi, hata kama leo linalingana na desturi ya mtambo. Tatu, toleo jipya lijaribiwe katika mtambo mmoja ulio karibu kabla ya kupelekwa ng'ambo ya maji. Nne, pawe na njia ya kurudi: baadhi ya mifumo, mathalani ile ya Juniper, huweza kuagizwa irejee katika usanidi wa awali yenyewe baada ya dakika 10, endapo fundi hakuthibitisha kwamba bado anaweza kuingia.

Walimu wa somo la kompyuta nao wana sehemu yao. Ruta moja kuukuu inatosha kwa zoezi. Wanafunzi waandike tabia zake kwa kuzipima: mlango upi uko wazi, ujumbe upi unapita, nani anakubaliwa kuingia. Kisha toleo jipya liwekwe, na vipimo vile vile virudiwe. Hapo watajifunza kupima tendo la mtambo badala ya kuamini maandishi yake peke yake, na hiyo ndiyo desturi ya sayansi. Mkoa wa Mwanza na visiwa vyake unahitaji vijana wenye tabia hiyo, ili mitambo iliyowekwa kwa gharama kubwa isizimwe na maneno ambayo hakuna mtu aliyeyaandika.