Hija ya Yohane Paulo II ianzie kwa fundi cherehani

Anayekwenda Poland kufuata nyayo za Mtakatifu Yohane Paulo II kwa kawaida hupelekwa kwanza Wadowice, kwenye nyumba aliyozaliwa Karol Wojtyła Mei 18, 1920, kando kabisa ya kanisa la parokia alikobatizwa. Baadaye hufikishwa Kraków, kwenye kituo kikubwa kilichojengwa kwa jina lake karibu na Łagiewniki, ambako yamehifadhiwa masalia ya damu yake. Hata keki ya krimu ya Wadowice ina nafasi yake katika safari, kwa kuwa mwaka 1999 Papa mwenyewe aliwakumbusha wenyeji jinsi alivyoila enzi za ujana. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Ninachodai ni kwamba ratiba ya namna hiyo inamwonyesha hujaji utukufu wa mtu huyu na kumficha jinsi alivyopatikana, na kwamba mahali pa kujifunza hilo ni mtaa wa Dębniki wa Kraków, ng'ambo ya mto Vistula.

Wojtyła alihamia huko na baba yake mwaka 1938, wakapanga vyumba vya chini katika nyumba ya mtaa wa Tyniecka. Wakati huo mama yake na kaka yake walikwisha kufariki. Mwaka uliofuata Wajerumani waliivamia nchi, chuo kikuu kikafungwa na maprofesa wakakamatwa. Kijana aliyekuwa akisoma fasihi akawa mvunja mawe katika machimbo ya Zakrzówek, kisha mfanyakazi wa kiwanda cha kemikali cha Solvay. Februari 1941 baba yake naye akafariki. Mei mwaka huohuo Gestapo waliwakamata mapadre Wasalesiani wa parokia ya Dębniki, na wengi wao walifia katika kambi za mateso. Vijana wa parokia walibaki mikononi mwa walei, na mmoja wao alikuwa Jan Tyranowski, fundi cherehani. Huyu aliwagawa vijana katika vikundi vya watu kumi na watano vya Rozari Hai, kila mmoja akikabidhiwa fumbo lake la kusali na kuliishi, akawa anakutana nao kwa siri wakati ambapo mkusanyiko wa aina hiyo ungeweza kumpeleka mtu kambini. Ndiye aliyempa Wojtyła maandiko ya Mtakatifu Yohane wa Msalaba. Miaka michache baadaye padre kijana Wojtyła aliandika Roma tasnifu yake ya udaktari kuhusu imani katika mafundisho ya mtakatifu huyohuyo. Mada aliyoitetea mbele ya wanateolojia mwaka 1948 ilikuwa imepandwa na mtu aliyejipatia riziki kwa sindano na uzi.

Kalwaria Zebrzydowska nayo inasimulia jambo hilohilo kwa namna nyingine. Ni kilima chenye vikanisa vya Njia ya Msalaba vilivyoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 17, si mbali na Wadowice. Mama yake Wojtyła alipofariki mwaka 1929, baba alimpeleka mwanawe huko. Alipokuwa askofu wa Kraków, Wojtyła alirudi mara nyingi, pengine peke yake, akizipanda njia zile na mashauri ya jimbo yaliyomwelemea. Wengine tunakwenda kumtafuta yeye, naye alikwenda pale akiwa mwenye shida kama hujaji mwingine yeyote.

Zipo hoja za kunipinga. Ya kwanza ni kwamba hija si somo la historia: mwamini anakwenda kusali mbele ya masalia na kuomba maombezi, na chumba cha fundi cherehani hakimwongezei neema. Naikubali nusu yake. Lakini Kanisa humweka mtakatifu mbele yetu ili aombwe msaada na pia aigwe. Hakuna atakayeiga upapa. Kukusanya vijana kumi na watano na kuwafundisha kusali, mlei yeyote anaweza. Mwaka 2017 Kanisa lilitambua fadhila za kishujaa za Tyranowski na kumpa hadhi ya Mheshimiwa, kwa hiyo anayesimama Dębniki hajaipa kisogo ibada.

Hoja ya pili ni nzito na inauma. Ripoti ya Vatikano ya Novemba 2020 ilieleza jinsi Yohane Paulo II alivyomteua Theodore McCarrick kuwa Askofu Mkuu wa Washington mwaka 2000 ingawa maonyo kuhusu mwenendo wa McCarrick yalikuwa yamemfikia. Mwaka 2023 runinga ya Poland ilidai kwamba hata alipokuwa askofu Kraków alijua kuhusu mapadre walionyanyasa watoto. Madai hayo yalipingwa vikali nchini humo na mjadala haujaisha. Wapo wanaosema kwamba mtu wa namna hiyo hafai kufanyiwa hija. Naamini waathirika wana haki ya kutaka maswali haya yaulizwe popote jina lake linapotajwa, hata katika vituo vya hija. Ratiba ya sanamu na ushindi haina pa kuyaweka. Ratiba inayomwonyesha Wojtyła akifundishwa, akielekezwa, akitegemea macho ya wengine, inakiri kwamba aliweza kukosea. Hujaji anaweza kumheshimu bila kulazimika kufumba macho.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wake. Mahujaji wetu hutoka katika parokia zinazosimama juu ya mabega ya makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo, watu ambao vigango vingi huongozwa nao Jumapili padre asipofika, mara nyingi kwa posho ndogo au bila posho. Yohane Paulo II alipofika Tanzania Septemba 1990 alikuja kwenye Kanisa lililojengwa kwa jasho la watu hao. Hujaji anayerudi nyumbani akimjua Tyranowski atamtazama katekista wake kwa jicho jingine, na huenda akauliza kwenye halmashauri ya walei ni nani anamlipia nauli.

Wanaopanga safari watasema muda na fedha havitoshi. Dębniki iko karibu na kilima cha Wawel, ambako makundi hupelekwa hata hivyo kuona kanisa kuu na kripta aliyoadhimishia Misa zake za kwanza Novemba 2, 1946; ni kuvuka daraja tu kwa miguu. Kanisa la Mtakatifu Stanislaus Kostka, lenye kaburi la Tyranowski, liko mtaani humo.