Bendera Nyekundu Iwepo Penye Ujenzi wa Serikali

Ndugu Wanachama,

Yeyote apitaye Kitale au Bungoma huona mbao za miradi ya serikali. Hapa barabara, pale hospitali, kule nyumba za wananchi. Sisi hatupingi ujenzi. Twaufurahia, maana penye ujenzi pana kazi, na vijana wetu wengi hupata kibarua hapo. Lakini leo tuna neno juu ya mtu mmoja ambaye jina lake huandikwa katika karatasi za kandarasi, na wafanya kazi wengi hawamjui hata kwa sura. Mtu huyo ni meneja wa ubora wa kazi.

Jambo hili latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, fedha ni zetu. Kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, kila mwenye mshahara hukatwa 1.5 kwa mia ya mshahara wake wote, na mwajiri huongeza kiasi kicho hicho. Mtu wa Sh. 20,000 hutoa Sh. 300 kila mwezi. Akinunua shati la Sh. 300 hulivuta mishono kabla ya kulipa. Mbona nyumba asiitazame? Pili, zege bovu likianguka, wa kwanza kuwa chini yake si waziri wala kontrakta. Ni mfanya kazi.

Mto Nzoia twaujua sote. Maji yake hutoka Cherangani na Elgon, hupita Trans Nzoia, hushuka Webuye, ambapo watu wa reli wa zamani walipaita Broderick Falls, kisha hwenda hadi Budalangi na Ziwa Victoria. Huko Budalangi, mahali paitwapo Sigiri, serikali ilikuwa ikijenga daraja la Sh. bilioni 1.2. Tarehe 26 Juni 2017, kabla halijafunguliwa, daraja lile lilivunjika katikati, na wafanya kazi zaidi ya 20 wakaumia. Siku chache kabla ya hapo Rais wa nchi alikuwa amefika kulikagua.

Hatuandiki habari hii ili kumhukumu mtu. Twaiandika ili kuonyesha kwamba macho ya mkubwa si kipimo. Mgeni wa heshima huona urefu na rangi. Ndani ya zege haoni, hata akiwa na elimu gani. Kuona ndani ni kazi ya mwenye vipimo, naye lazima awepo kila siku, si siku ya wageni tu.

Basi kazi ya meneja wa ubora ni nini? Twaieleza kwa ufupi.

1. Kupima vitu kabla havijatumika. Mchanga wenye udongo mwingi haushikani na saruji. Hata fundi wa kijijini aweza kuutia katika chupa ya maji, akatikisa, akangoja, akaona udongo umekaa juu ya mchanga. Nondo hukatwa kipande kikapelekwa kuvutwa kwa mashine mpaka kikatike. Mfuko wa saruji uwe na alama ya Shirika la Viwango, na daraja lake, kama 32.5 au 42.5, liwe lile lililoandikwa katika mapatano. Saruji iliyoganda irudishwe dukani.

2. Kupima zege. Lingali bichi hutiwa katika pia ya chuma ya kimo cha sentimita 30; pia ikiondolewa, hutazamwa zege limeshuka kiasi gani. Likishuka mno, yamkini maji yamezidi, na maji yakizidi nguvu hupungua. Kisha hujazwa masanduku ya sentimita 15 kila upande. Vipande hivyo hulazwa majini, vikabanwa na mashine mpaka vivunjike, vingine siku ya 7, vingine siku ya 28. Zege la daraja la 25 yapasa listahimili nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Lisipofika hapo, maneno matamu hayaliongezi nguvu.

3. Kutazama kabla ya kufunika. Msingi utazamwe kabla ya kumwagwa zege, na nondo zihesabiwe na kulinganishwa na ramani. Barabara nayo, kila tabaka la udongo na kokoto lishindiliwe na kupimwa kabla ya kuwekwa la pili. Kilichokwisha funikwa ni vigumu kukifufua.

4. Kuandika. Kila kipimo kiandikwe siku ile ile, pamoja na mahali na jina la aliyepima. Kitabu cha miezi mitatu kilichojazwa kwa kalamu moja jioni moja ni kitabu cha uongo.

5. Kukataa. Kazi mbaya ivunjwe na kurudiwa. Asiyeweza kukataa si meneja wa ubora. Ni karani wa kupiga mihuri.

Na mtu wa kazi hii awe nani? Zabuni kubwa hutaka mara nyingi mtu aliyesomea uinjinia wa ujenzi, aliyeandikishwa na Bodi ya Wainjinia kwa Sheria ya mwaka 2011, mwenye miaka kadha ya kazi ya mikono yenye vumbi, na ajuaye kanuni za ubora za kimataifa kama ISO 9001. Hayo yote ni mema. Sisi twaongeza moja: ajue kumsikiliza fundi. Fundi aliyeshika koleo huona mambo ambayo mwenye shahada hayaoni akiwa ofisini. Nasi mafundi tusijitoe katika jambo hili. Sheria ya Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi ya mwaka 2011 yataka si makontrakta tu, bali mafundi na wasimamizi pia wawe na vyeti. Asiye na chake akakitafute.

Sasa twafika penye shida yenyewe. Meneja huyu mara nyingi huajiriwa na kontrakta. Yule amlipaye ndiye ampasaye kumwambia, Kazi yako mbaya. Kweli serikali ina injinia wake, na sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 imeweka kamati ya kukagua na kupokea. Lakini kamati huja baadaye, na injinia hawezi kuwa kila mahali. Siku ya kumwaga zege, aliyepo ni meneja wa ubora, na akilini mwake umo ugali wa watoto wake.

Sisi wa reli twajua dawa yake. Mtu wa genge la njia ana mshahara mdogo kuliko wengi. Lakini akiona reli imepasuka akainua bendera nyekundu, dreva husimamisha gari. Hamwulizi, Wewe nani? Hamwambii, Bwana mkubwa ana haraka. Bendera ile haitazami cheo. Ndiyo sababu abiria hulala usingizi ndani ya gari. Bendera ya namna hiyo yatakiwa penye ujenzi wa serikali.

Watu watasema, na wasema kweli: Kazi ikisimama, kibarua akosa pesa ya siku. Hapa tusidanganyane. Kijana alipwaye kwa siku, akisikia zege limekataliwa, humchukia meneja na si kontrakta. Yeye mwenyewe atasema, Mwaga tu, twende zetu. Tusimlaumu. Tumbo lake ndilo limefanywa adui wa kazi njema. Kwa hiyo chama hakiwezi kudai ubora bila kudai mshahara wa siku iliyosimama.

Twataka mambo matatu katika kila mradi wa serikali kaunti ya Trans Nzoia na kaunti ya Bungoma:

Kwanza, jina la meneja wa ubora liandikwe penye ubao wa mradi, na kila mfanya kazi aonyeshwe mtu huyo siku ya kwanza.

Pili, neno lake la kusimamisha kazi, likiandikwa, lishike, na kontrakta asimfukuze bila injinia wa serikali kukubali kwa maandishi.

Tatu, kazi ikisimamishwa kwa ubovu wa vifaa, kibarua alipwe siku yake. Hakununua yeye mchanga ule.

Nanyi ndugu, msingoje mpaka tupewe yote. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, na mwenye mahali pa kazi asimrudishe mtu penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Ukiona nguzo za kushikilia zege zaondolewa kabla ya wakati, au saruji yapunguzwa usiku, sema. Usiseme peke yako. Semeni wawili watatu, mwandike tarehe, mlete habari kwa mwakilishi wenu wa chama.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika majengo ya serikali ukuta hujengwa mara mbili kwa fedha yetu, na ukianguka huangukia watoto wetu. Ufa na uzibwe sasa.

Umoja ni nguvu.