Chanjo ya Mafua na ya Korona kwa Watoto: Tusiige Mabishano ya Wengine

Mnamo Januari 2026 serikali ya Marekani ilitangaza ratiba mpya ya chanjo za watoto, ambamo chanjo ya homa ya mafua na ile ya Korona hazikuwekwa tena miongoni mwa zile zinazopendekezwa kwa kila mtoto. Badala yake ilielezwa kuwa mzazi na daktari washauriane kwanza, kila mtoto kwa hali yake. Hatua hiyo haikuzuka ghafla. Mwezi Mei 2025 Waziri wa Afya wa nchi hiyo, Bwana Robert F. Kennedy, alikuwa amekwisha kutangaza kuwa watoto wenye afya hawatapendekezewa tena chanjo ya Korona, na mwezi uliofuata akawaondoa kwa mpigo wajumbe wote 17 wa kamati ya wataalamu iliyokuwa ikiishauri serikali kuhusu chanjo. Chama cha madaktari wa watoto cha huko kilikataa kufuata. Mnamo Agosti 2025 kilitoa mapendekezo yake chenyewe, kikashikilia kwamba watoto wote wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe dhidi ya Korona.

Habari za namna hii hazikawii kufika Kampala, Gulu na Mbarara, na zikifika huwa zimekwisha kupoteza nusu ya maneno yake. Kilichosemwa kuhusu chanjo mbili huja kikisemwa kuhusu chanjo zote, na mama aliyekuwa akijiandaa kumpeleka mtoto kwa chanjo ya surua huanza kusitasita. Kwa sababu hiyo yafaa tuyatazame maradhi haya mawili moja baada ya jingine, maana hesabu yake si moja, na hesabu ya Uganda si ile ya Marekani.

Tuanze na Korona. Hakuna taifa lililowatoza watoto wake gharama kubwa ya maradhi haya kuliko Uganda. Shule zilifungwa mwezi Machi 2020, zikafunguliwa kwa baadhi ya madarasa, zikafungwa tena, na hazikufunguliwa kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Kwa ujumla zilikaa zipatazo wiki 83 zikiwa zimefungwa kabisa au kwa sehemu, na wanafunzi wapatao milioni 15 wakaathirika. Wako waliokwenda kufyatua matofali na kuuza mihogo kando ya barabara. Wako wasichana waliorudi darasani wakiwa wamebeba watoto, na wengine hawakurudi kabisa. Mzigo huo watoto waliubeba ili kuwakinga wazee, kwa kuwa wao wenyewe, isipokuwa wachache, hawakuwa wakiugua sana.

Je, baada ya hayo wachomwe sindano pia kwa ajili ya wazee? Hapa hapana budi kusema wazi jambo ambalo wengi huliepuka. Chanjo ya Korona ilithibitika kuwa kinga imara dhidi ya ugonjwa mkali na kifo, lakini tangu kilipoenea kirusi cha aina ya Omicron mwishoni mwa mwaka 2021, uwezo wake wa kuzuia maambukizi umekuwa mdogo na wa muda mfupi. Kumchanja mtoto mwenye afya hakumkingi bibi yake kwa kiasi kilichotarajiwa hapo mwanzo. Ndiyo maana mwezi Machi 2023 wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani waliwaweka watoto wenye afya, wa miezi 6 hadi miaka 17, katika kundi la mwisho la kipaumbele. Waliziachia nchi ziamue kwa kupima mzigo wa maradhi na gharama, na wakakumbusha kuwa faida ya chanjo hiyo kwa watoto hao ni ndogo mno ikilinganishwa na faida ya chanjo za surua, nimonia na kuhara. Mtoto mwenye selimundu, mwenye maradhi ya moyo au mwenye upungufu wa kinga mwilini ni habari nyingine. Huyo anastahili kufikiriwa mbele.

Mtu aweza kuuliza tofauti iko wapi basi kati ya Geneva na Washington, ikiwa wote wameipunguzia chanjo hiyo cheo chake kwa watoto wenye afya. Tofauti imo katika njia. Wale walipima, wakaeleza walichopima, wakaziacha chanjo nyingine mahali pake. Hawa walianza kwa kuwafukuza wapimaji.

Homa ya mafua ina habari yake. Lugha yetu hutumia neno moja, mafua, kwa kamasi za kawaida na kwa ugonjwa huu mkali uletwao na kirusi cha influenza, na hapo ndipo dharau inapoanzia. Sisi wa jeshini hatuna sababu ya kuudharau. Maradhi ya mwaka 1918 yalisafiri pamoja na askari na wapagazi katika meli na reli, yakaingia Afrika Mashariki wakati majeshi yalikuwa bado uwanjani. Kwa kuhofia hayo yasijirudie, jeshi la Marekani ndilo lililoijaribu chanjo ya homa ya mafua kwa askari wake katika Vita Vikuu vya Pili, kabla raia hawajaipata.

Kwa watoto wadogo hatari ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Makisio ya watafiti kwa dunia nzima yanaonyesha kuwa mwaka 2018 watoto walio chini ya umri wa miaka 5 waliougua homa hiyo walifikia milioni 109, waliolazwa hospitalini walikuwa wapatao 870,000, na waliokufa kwa maradhi ya mapafu yaliyotokana nayo huenda walifikia 34,800. Vifo vingi vilivyotokea hospitalini vilikuwa katika nchi maskini. Huko Marekani kwenyewe, katika msimu wa 2024 hadi 2025, watoto 280 walikufa kwa homa hiyo, na takriban tisa katika kila kumi kati ya wale ambao habari zao za chanjo zilijulikana hawakuwa wamekamilisha chanjo. Ilitarajiwa kwamba idadi hiyo ingeifanya serikali iikazie chanjo mkono. Miezi michache baadaye ikailegeza.

Na tofauti na Korona, kwa homa ya mafua ile hoja ya kumchanja mtoto ili kumkinga mzee ina mashiko. Japani iliitekeleza. Kuanzia mwaka 1962 nchi hiyo ilichanja watoto wa shule, na kwa sheria ya mwaka 1977 ikawa lazima. Mwaka 1987 wazazi wakaruhusiwa kukataa, na mwaka 1994 mpango ukafutwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria kuwa katika miaka ya mpango huo vifo kati ya 37,000 na 49,000 viliepukwa kila mwaka, vingi vikiwa vya wazee. Wako waliobisha, hasa madaktari wa mji wa Maebashi ulioacha chanjo hiyo mwaka 1980, ambao walisema hawakuona tofauti shuleni. Kisha mwaka 2010 ikatoka taarifa kutoka Canada kuhusu Wahutterite, wakulima Wakristo wanaoishi na kula kwa ushirika katika vijiji vyao. Watoto walichanjwa, na kwa watu ambao hawakuchanjwa kabisa maambukizi yakapungua kwa asilimia 61.

Lakini nchini Senegal, katika vijiji vya Niakhar, majaribio ya namna hiyo yaliyoanza mwaka 2009 yalitoa kinga ndogo zaidi kwa wasiochanjwa. Mimi nayatilia uzito matokeo ya Niakhar kuliko ya Canada, kwa sababu kijiji cha Niakhar kinafanana zaidi na cha Soroti. Watu huingia na kutoka, wageni hulala, na mnada wa kila wiki hukusanya wilaya nzima.

Kuna kikwazo kingine ambacho mabishano ya Marekani hayawezi kutufundisha chochote juu yake. Chanjo ya homa ya mafua huitwa ya msimu, nayo hutengenezwa kufuata majira ya baridi ya wengine. Shirika la Afya Duniani huchagua aina za virusi mara mbili kwa mwaka: mwezi Februari kwa ajili ya nchi za kaskazini, na mwezi Septemba kwa nchi za kusini. Uganda imekatwa na mstari wa Ikweta. Hapa hakuna majira ya baridi, homa huzunguka karibu mwaka mzima na kupanda mara kwa mara, na chanjo ya kaskazini hufikia mwisho wa matumizi yake kabla ya mwaka kutimia. Tena mtoto mdogo anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili zilizopishana wiki nne, na mwaka unaofuata huhitaji nyingine. Jirani zetu Kenya wanalijua jambo hili. Mwaka 2016 wataalamu wao walipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe mwaka mzima bila kungoja msimu, lakini miaka mingi imepita na pendekezo hilo halijageuka kuwa chanjo ya kila zahanati.

Isidhaniwe kuwa chanjo isiyolingana sawasawa na kirusi haina kazi. Mwishoni mwa mwaka 2025 kilienea kaskazini kirusi cha H3N2 kilichobadilika baada ya chanjo kuchaguliwa, na bado vipimo vya mwanzo vya Uingereza vilionyesha kuwa watoto waliochanjwa walikingwa wasifikishwe hospitalini kwa kiasi cha asilimia 70 hadi 75.

Fedha nazo zina neno lake. Tarehe 25 Juni 2025 Bwana Kennedy alitangaza kuwa Marekani haitachangia tena mfuko wa Gavi, ambao ndio mkono mkubwa wa chanjo katika nchi zetu. Tarehe 2 Aprili ya mwaka huo huo Uganda ilikuwa imezindua huko Apac chanjo ya malaria kwa watoto wa wilaya 105, kazi isiyowezekana bila misaada ya aina hiyo. Mfuko ukipungua, Wizara ya Afya italazimika kupanga foleni. Katika foleni hiyo malaria hutangulia, surua hutangulia, na chanjo ya nimonia iliyoanzishwa mwaka 2013 hutangulia, nayo kwa upande wake hupunguza yale maradhi ya mapafu yanayofuata baada ya homa ya mafua. Anayedai leo kwamba kila mtoto wa shule achanjwe homa ya mafua kila mwaka hajahesabu majokofu, mafuta ya pikipiki wala mishahara ya wauguzi.

Hata hivyo ziko hatua ambazo zisingevunja mgongo wa bajeti. Ya kwanza ni kwa watoto wenye selimundu na wenye maradhi ya moyo, ambao tayari wanajulikana kwa majina katika kliniki zao. Ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, ni kwa akina mama wajawazito. Mtoto wa chini ya miezi 6 hawezi kuchanjwa dhidi ya homa ya mafua, na huyo ndiye aliye katika hatari kubwa. Kinga yake pekee ni ile anayoirithi tumboni. Mama mjamzito wa Uganda amekwisha kuzoea kwenda kliniki kuchomwa sindano ya pepopunda, wala hahitaji kushawishiwa upya. Kwake yeye kitakachoongezeka ni sindano moja siku hiyo hiyo, chupa moja katika kasha la barafu, na safu moja katika kadi ya kliniki.