AJALI INA KINGA

Ndugu wananchi, uko msemo mmoja uliotuharibu: "Ajali haina kinga." Gari likipinduka, mwenye gari huusema na abiria huuitikia. Tunazika, tunarudi nyumbani, na kesho yake gari jingine bovu linaondoka stendi. Msemo huo umewafaa wenye magari kuliko wasafiri.

Sisi wa Himo hatuna udhuru. Hapa kwetu hukutana barabara ya Moshi, ya Same hadi Dar es Salaam, ya Taveta, na ile iteremkayo kutoka Marangu. Tunayaona magari yote. Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni, Arusha, lori lililokatika breki liliyagonga magari mengine. Wakafa watu 25. Tarehe 28 Juni 2025, katika mkoa wetu huu, hapo Sabasaba, Same, tairi la basi lilipasuka, dereva akashindwa kulimudu, likagongana na basi dogo, na yote mawili yakateketea. Walikufa watu wasiopungua 38. Breki na tairi! Je, hivyo ni vitu visivyoweza kukaguliwa?

Kinga ya kwanza ni maarifa. Tairi likipasuka, dereva asikanyage breki kwa hofu. Ashike usukani kwa mikono miwili, aachie mafuta polepole, gari lipunguze mwendo lenyewe, ndipo atoke kando. Breki zikikatika, asizime injini. Apunguze gia moja moja, avute breki ya mkono kidogo kidogo, apige honi na kuwasha taa, kisha atafute mahali penye kupanda au penye udongo laini. Na ateremkaye kutoka Marangu aingize gia ndogo tangu juu, kwa maana breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, zikaacha kushika. Gari likiharibika njiani, lisogezwe kando, pembetatu ziwekwe, abiria washuke na kusimama mbali na lami. Matawi na mawe yaliyowekwa kuwa alama yaondolewe kabla ya kuondoka, yasije yakamuua mwingine usiku.

Lakini maarifa ya dereva hayatoshi ikiwa hana sauti. Dereva akisema, "Gari hili halifai," mara nyingi huambiwa ampe mwenzake funguo. Yeye hukosa mkate wa watoto wake, na gari huondoka vile vile. Nasi abiria, badala ya kumtetea, tunapiga kelele kwamba tunachelewa! Hapo ndipo ajali inapoanza, stendi, kabla gurudumu halijazunguka.

Kwa hiyo nasema: dereva anayekataa gari bovu si mvivu, bali ni mlinzi wetu. Abiria washuke pamoja naye na kudai nauli yao. Madereva wenzake wakatae kupokea funguo zile. Askari wa barabarani atazame tairi kabla ya kutazama karatasi. Mwenye gari ajue kwamba faida aliyoipata kwa tairi lililokwisha ni faida ya damu.

Mtu mmoja akigoma atafukuzwa. Stendi nzima ikigoma, gari litapelekwa gereji. Tuungane, ndugu zangu, na kinga itapatikana.